Aliyenyimwa na Aliyepewa

Mama mjamzito, wa miezi saba hivi kwa kumtazama, alisimama mbele yangu kwenye foleni ya duka la dawa hapa Morogoro. Aliegemea kaunta kwa mkono mmoja, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba halali: akilala upande huu mtoto anampiga mateke, akigeukia upande wa pili miguu inamsumbua hadi alfajiri. Akaomba vidonge vya usingizi vya shilingi elfu moja. Kijana wa dukani alilitazama tumbo, akatikisa kichwa. "Hapana mama, kwa hali yako hiyo siwezi kukupa. Nenda kliniki ukawaone manesi." Mama akashukuru, akaondoka taratibu.

Aliyemfuata alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, amevaa sare ya kazi, anaonekana kuchoka. Naye akaomba vidonge vya usingizi. Kijana akafungua kopo, akamimina vidonge kwenye kisahani, akavihesabu viwili viwili kwa kijiti cha plastiki, akavitia ndani ya bahasha ndogo ya dawa na kuandika kwa kalamu ya bluu: 1 x 1, usiku. Hakuomba cheti cha daktari wala hakuuliza lolote, na yule dada alilipa akaenda zake.

Kwa wiki kadhaa sasa tukio hilo limenikaa kichwani. Mwanzoni nililitazama kama jambo jema lenye kasoro ndogo, kwa sababu kijana yule alimlinda mama mjamzito, na wapo wauzaji wengi ambao wasingejisumbua. Lakini kadiri nilivyozidi kulifikiria, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kasoro ile haikuwa ndogo.

Katika duka lile, tumbo ndilo lililoulizwa swali, na tumbo ndilo lililojibu.

Dawa iliyosifiwa kwa upole wake

Tarehe 1 Oktoba 1957, kampuni ya Chemie Grünenthal ya Ujerumani Magharibi iliingiza sokoni dawa ya kutuliza na kuleta usingizi iliyoitwa Contergan. Kiini chake kilikuwa thalidomaidi. Iliuzwa bila cheti cha daktari, na sifa yake kubwa ilikuwa usalama: dawa za usingizi za wakati huo, hasa za jamii ya babichureti, ziliweza kumuua mtu aliyezidisha kiasi, ilhali mtu aliyemeza Contergan nyingi aliamka. Mwaka 1958 ikaingia Uingereza kwa jina la Distaval. Ilitangazwa kuwa inawafaa hata wajawazito, na wengi waliitumia kwa sababu iliwapunguzia pia kichefuchefu cha asubuhi.

Hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba ni salama kwa mtoto aliye tumboni. Ilidhaniwa tu kwamba dawa isiyomdhuru mama haiwezi kumdhuru mwanawe.

Kisha wakaanza kuzaliwa watoto wenye viganja vilivyoota karibu na mabega, wengine bila mikono kabisa, wengine bila masikio, wengine wakiwa na kasoro za moyo na za utumbo zilizowaua katika siku za mwanzo. Novemba 1961 daktari wa watoto Widukind Lenz wa Hamburg aliwaeleza wenzake hadharani kwamba anaishuku dawa hiyo, na kabla mwezi haujaisha Grünenthal ikaiondoa sokoni Ujerumani. Desemba mwaka huohuo, daktari William McBride wa Australia alichapisha katika jarida la Lancet barua fupi yenye shaka ileile. Hesabu inayokubalika ni kwamba watoto zaidi ya 10,000 walidhurika, katika nchi 46. Kampuni ilikaa hadi mwaka 2012 kabla ya kuwaomba radhi walioathirika.

Habari hii naamini wengi mmewahi kuisikia, na sikuandika makala hii ili kuirudia. Ninachotaka kukitazama kwa utulivu ni kalenda yake.

Siku ya 20 hadi ya 36

Madaktari waliozungumza na mama hao mmoja mmoja, wakilinganisha tarehe walizomeza vidonge na kasoro za watoto wao, waligundua kwamba madhara makubwa yalitokea pale dawa ilipomezwa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi baada ya mimba kutungwa. Mpangilio wake ulikuwa wa kutisha kwa usahihi: waliomeza mwanzoni mwa kipindi hicho watoto wao waliathirika masikio, waliofuata mikono, waliomeza kuelekea mwisho miguu. Kidonge kimoja kiliweza kutosha. Mama aliyeanza kuitumia akiwa na mimba ya miezi mitano, mikono ya mtoto wake ilikuwa imekwisha kuumbika.

Hebu tuhesabu. Siku ya 20 baada ya mimba kutungwa, mwanamke mwenye mzunguko wa kawaida amechelewa siku zake kwa chini ya wiki moja. Huenda anadhani ni uchovu, safari, au msongo wa kazi. Tumbo halijabadilika hata kidogo, na hajamwambia mtu kwa kuwa hata yeye mwenyewe hajui.

Kwa kalenda hiyo, kama kopo lile la dukani lingekuwa na thalidomaidi, aliyestahili kunyimwa kuliko wote alikuwa yule dada mwenye sare ya kazi.

Nakiri wazo hilo lilinifanya nisimame katikati ya chumba. Desturi yetu ya kumhurumia mama kijacho huanza pale mimba inapoonekana: tunampisha kiti kwenye daladala na kumpokea ndoo ya maji. Viungo vya mtoto vinaumbika kabla ya hayo yote, wakati ambapo mama yake bado ni "dada" kwa kila anayekutana naye.

Kwinini na sungura

Marekani thalidomaidi haikuidhinishwa kuuzwa katika miaka hiyo, na sababu kubwa ni mtu mmoja. Frances Oldham Kelsey, mzaliwa wa Kanada, alikuwa ameajiriwa mwaka 1960 katika Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, na ombi la thalidomaidi lilikuwa miongoni mwa mafaili ya kwanza kuwekwa mezani pake. Kwa sheria ya wakati ule, mamlaka ikikaa kimya kwa siku 60, dawa inaruhusiwa. Kelsey hakukaa kimya. Kila muda ulipokaribia kwisha, alirudisha ombi akitaka maelezo zaidi. Aliposoma barua ya daktari wa Uingereza iliyosema kwamba dawa hiyo inawaletea baadhi ya watumiaji ganzi mikononi na miguuni, aliuliza swali ambalo kampuni haikuwa na jibu lake: ikiwa inadhuru mishipa ya fahamu ya mtu mzima, inamfanya nini mtoto aliye tumboni?

Swali hilo halikumjia kwa bahati. Miaka ya 1940, wakati wa vita, Kelsey alishiriki katika utafiti wa dawa za malaria. Yeye na mumewe walichunguza jinsi sungura wanavyoivunjavunja kwinini mwilini. Sungura mzima aliivunja haraka, sungura mwenye mimba aliivunja polepole zaidi, na vijusi vyake havikuweza kuivunja kabisa. Miaka karibu 20 baadaye, akiwa mbele ya faili la dawa ya usingizi, alikumbuka kwamba dawa inaweza kuvuka kondo la nyuma na kumkuta upande wa pili kiumbe ambaye ini lake halijui la kuifanya.

Kwetu sisi tuliokulia katika nchi za malaria, kwinini ni ladha tunayoijua mdomoni. Sikuwahi kufikiri kwamba uchungu huo una sehemu katika habari ya watoto waliookolewa Marekani.

Hata huko wokovu haukuwa kamili. Kampuni iliyoomba kibali ilikuwa imekwisha kugawa vidonge zaidi ya milioni 2 kwa madaktari zaidi ya 1,000 kwa jina la majaribio, na watoto 17 walizaliwa na madhara. Kanada, alikozaliwa Kelsey, iliiacha dawa hiyo madukani hadi Machi 1962, miezi kadhaa baada ya Ujerumani kuiondoa. Oktoba mwaka huo Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zithibitishe kwamba dawa inafanya kazi kabla ya kuiuza, na ikaondoa idhini ile iliyokuwa ikipatikana kwa siku 60 za ukimya.

Kilichokuwa ndani ya kopo

Bila shaka vidonge vile vya Morogoro havikuwa thalidomaidi. Kwa kadiri nilivyoweza kuona, vilikuwa diazepamu, ambayo wengi tunaiita Valium hata pale inapotengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Ni dawa ya jamii ya benzodiazepini, yaani dawa za kutuliza na kuleta usingizi. Ni dawa halali, iliyookoa watu wengi katika degedege, na haiwezi kuwekwa kapu moja na thalidomaidi.

Kalenda yake pia ni tofauti. Kinachojulikana kwa uhakika zaidi kuhusu diazepamu kinahusu miezi ya mwisho na siku za kujifungua, kwa hiyo kijana wa dukani alikuwa na haki ya kumhofia mama wa miezi saba. Diazepamu huyeyuka katika mafuta, nayo huvuka kondo la nyuma kwa urahisi. Damu inayopimwa kwenye kitovu cha mtoto huweza kuwa na kiasi kikubwa cha dawa kuliko damu ya mama mwenyewe. Mwili unapoivunja, hutokea kemikali nyingine ambayo nayo inatuliza na inadumu kwa muda mrefu zaidi. Mtu mzima huchukua siku kadhaa kuimaliza yote. Mtoto mchanga, kwa kuwa ini lake bado ni changa, huchukua muda mrefu kuliko huo.

Mtoto wa namna hiyo huzaliwa akiwa mtepetevu. Ukimwinua, mikono na miguu inaning'inia. Ukimweka titi mdomoni, ananyonya mara mbili tatu na kulala, au hanyonyi kabisa. Joto lake hushuka upesi, na pumzi huweza kukatika kwa muda. Mkunga asiyejua kwamba mama alikuwa akimeza diazepamu atafikiria mambo mengine kwanza, kama maambukizi au kukosa hewa wakati wa uchungu, na ana haki ya kuyafikiria.

Wapo wengine ambao mama zao walitumia dawa hizi kwa muda mrefu, nao huonyesha hali iliyo kinyume: siku chache baada ya kuzaliwa, wakati mwingine baada ya wiki, mtoto huanza kutetemeka, hulia kilio chembamba kisichobembelezeka, na hukosa usingizi. Mwili wake umezoea dawa ambayo haiji tena. Watoto hawa wakitambuliwa mapema husaidika, na hali hiyo hupita. Wasipotambuliwa, mama huambiwa mtoto ana chango, au ana jicho la mtu.

Mahali nilipokwama

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kuandika makala ya kuwaonya wanawake wote wasiguse dawa hizi. Nikaanza hata kuipanga. Kisha nikakutana na mambo yaliyonirudisha nyuma, na ninayaandika kwa sababu naona hatari ya woga inalingana na hatari ya uzembe.

La kwanza ni mdomo sungura. Miaka ya 1970 zilichapishwa tafiti zilizoihusisha diazepamu ya miezi ya mwanzo na watoto kuzaliwa wakiwa na mdomo wa juu au kaakaa lililopasuka. Habari hiyo ilienea, na bado utaikuta ikirudiwa kama jambo lililothibitishwa. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wa nguvu hiyo; kama hatari ipo, ni ndogo. Mwanamke aliyemeza vidonge vichache kabla ya kujua kuwa ana mimba anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, badala ya kuachwa apitishe miezi minane akiamini amemharibu mwanawe.

La pili ni kuacha ghafla. Mtu aliyetumia benzodiazepini kila siku kwa miezi, akizikatiza kwa siku moja, anaweza kupata wasiwasi mkali, kutetemeka, na hata degedege. Degedege kwa mjamzito ni hatari kwa roho mbili. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito zaidi liwekwe kwenye dawa zote za jamii hii, likitaja mazoea ya mwili na hatari ya kuziacha kwa kukurupuka. Kwa hiyo tangazo linalosema tu "ukiwa mjamzito acha mara moja" linaweza kumuua mtu.

La tatu liko mkoani kwetu. Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, kifafa kimewatesa watu kwa vizazi, na tangu daktari Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, fenobabitoni imekuwa tegemeo la wagonjwa. Fenobabitoni nayo ni dawa inayotuliza, ya jamii ileile ya babichureti. Inajulikana kuongeza kwa kiasi fulani uwezekano wa kasoro za moyo na za mdomo, na mtoto wa mama anayeitumia huhitaji sindano ya vitamini K anapozaliwa, kwa sababu damu yake inaweza kuchelewa kuganda. Lakini mwanamke mwenye kifafa anayeiacha kwa hofu anaweza kuanguka motoni au mtoni, na wengi wa watoto wa mama wanaoitumia huzaliwa wazima. Kinachotakiwa ni daktari kuipitia dawa hiyo pamoja naye kabla hajashika mimba, kumpa asidi ya foliki mapema, na kuona kama ipo dawa nyingine inayomfaa. Nani atamwambia hayo, ikiwa kila anachosikia ni kwamba dawa za kutuliza ni sumu kwa mtoto?

Hata diazepamu yenyewe ilitumika kwa miaka mingi katika wodi za wazazi kwa ajili ya kifafa cha mimba. Ilichukua jaribio kubwa la kimataifa, lililochapishwa mwaka 1995, kuonyesha kwamba magneziamu salfeti inazuia degedege lisirudi vizuri zaidi, kwa tofauti ya zaidi ya nusu. Waliokuwa wakichoma diazepamu kabla ya hapo walitumia kilichokuwa mkononi, na ujuzi ukasogea mbele kwa sababu kuna watu waliokubali kuilinganisha dawa waliyoizoea na dawa nyingine.

Picha ya mwanamke aliyekatwa mstari

Thalidomaidi ilirudi. Iligunduliwa katika miaka ya 1960 kwamba inatibu maumivu na uvimbe mkali unaowapata baadhi ya wagonjwa wa ukoma, na Brazili iliendelea kuitumia. Huko walizaliwa watoto wengine wenye madhara yaleyale. Pakiti zilikuwa na picha ya mwanamke mwenye mimba iliyokatwa mstari, na wapo wanawake walioielewa picha hiyo kuwa inaonyesha kidonge cha kuzuia mimba.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Onyo lilikuwepo, limechapwa vizuri, na lilimfikia mlengwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye dakika tano.

Marekani ilipoiruhusu mwaka 1998 kwa wagonjwa wa ukoma, iliweka utaratibu tofauti: mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi kidonge kabla ya kipimo cha mimba, na anatakiwa kutumia njia mbili za uzazi wa mpango. Mzigo wa kuuliza ulihamishwa, ukawekwa juu ya mtoa dawa.

Naamini hapo ndipo penye shida yetu. Tumemwachia mwanamke kazi ya kujitambulisha kuwa ni mjamzito, katika wiki ambazo hana njia ya kujua. Swali la "una mimba?" likiulizwa dukani, tena mbele ya foleni, karibu kila mtu atajibu hapana, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Swali lenye manufaa ni jingine, la kawaida kabisa kliniki: siku zako za mwisho ulizipata lini? Likiulizwa kwa sauti ya chini, kwa kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa, mwembamba na mnene, aliyeolewa na asiyeolewa, litawakamata wengi ambao jicho linawakosa. Na kabla ya swali hilo, cheti cha daktari kiombwe, kwa sababu dawa hizi ni za cheti.

Usingizi wenyewe

Nimemzungumzia sana yule aliyepewa. Aliyenyimwa naye aliondoka na tatizo lake lilelile.

Kutolala kwa mjamzito huchukuliwa kama jambo la kuvumiliwa, na jibu analopewa na wakubwa ni kwamba ajizoeze, mtoto akija hatalala kabisa. Nilimsimulia muuguzi mkunga ninayemfahamu habari ya yule mama na miguu yake, na kabla sijamaliza akauliza: "Damu yake ni ngapi?" Akanieleza kwamba miguu isiyotulia usiku mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma, na kwamba amewaona akina mama waliolala vizuri baada ya wiki chache za kumeza ipasavyo vidonge vya kuongeza damu walivyokuwa wamevitupa kabatini kwa sababu ya kichefuchefu. Wengine hawalali kwa kiungulia, wakasaidika kwa kula mapema na kuinua kichwa kitandani. Wapo wasiolala kwa sababu ya hofu: aliyepoteza mimba ya kwanza, anayepigwa nyumbani, aliyeachwa na baba wa mtoto. Hao, alisema, vidonge vinawanyamazisha tu, na wanahitaji mtu wa kuwasikiliza na pengine matibabu ya sonona yanayosimamiwa na daktari.

Nilimuuliza anafanya nini akikutana na mama ambaye tayari anatumia diazepamu kila usiku. Alisema jambo la kwanza ni kutomgombeza, kwa sababu akigombezwa hatasema ukweli tena. Anampeleka kwa daktari ili dozi ipunguzwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kisha anaandika jina la dawa, kiasi chake na tangu lini kwenye kadi ya kliniki, kwa herufi kubwa, ili yeyote atakayekuwa zamu usiku wa kujifungua aziangalie pumzi za mtoto na namna anavyonyonya, na asimruhusu mama kwenda nyumbani mapema.